Kibao Kidogo Nyuma ya Boti

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kusema juu ya bei, mbegu na mbolea, nao wamesema vema. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lisilo la desturi sana katika mikutano ya wakulima, nalo ni mwendo wa boti majini, na namna ya kupunguza nguvu ya maji inayoipinga boti ya mashine. Najua wako kati yetu walioteremka kutoka Mufindi na Rungwe, ambao jembe wamelijua tangu utotoni lakini kasia hawajapata kulishika. Nawaomba wanivumilie. Mzao wa mkulima hutozwa gharama shambani, tena hutozwa njiani, na njia ya baadhi ya ndugu zetu ni maji.

NJIA YETU YA MAJI

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilometa zipatazo 580, na pale lilipo na kina kirefu kabisa hufikia mita 700 hivi. Ncha yake ya kaskazini ni yetu. Pale ndipo penye tambarare ya Kyela, yenye mpunga na kakao, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji yake. Lakini ukitoka Matema ukafuata ufuko wa mashariki, tambarare yakoma ghafula. Milima ya Livingstone yashuka moja kwa moja hadi majini, na vijiji vimekaa penye vipande vyembamba vya ardhi chini ya majabali. Ikombe, Lumbila, Lupingu, na mbele zaidi Manda: watu wa huko tangu kale wameliona ziwa kuwa ndiyo barabara yao. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ambao vyungu vyao vyasifiwa kote Unyakyusani, huvipeleka soko la Matema kwa mitumbwi.

Ufuko huo wa Ludewa ulihesabiwa katika Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Mipaka ya serikali ilibadilika, lakini mawimbi ni yale yale na udugu wetu ni ule ule. Hata wenzetu wa Iringa ya leo wanayo maji yao, maana bwawa la Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu, lina wavuvi na boti za mashine upande wao na upande wa Dodoma.

Meli kubwa zipo, nazo tunazishukuru. MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, iliundwa kwa kuchukua abiria 200 na tani 200 za shehena. Lakini meli ina ratiba yake, na haiwezi kutia nanga kila penye kijiji. Mbegu zikichelewa, au mgonjwa akizidiwa, au usipa wakihitaji kufika sokoni kabla ya kuharibika, hutegemewa boti ndogo ya mbao au ya fiberi yenye mashine iliyofungwa nyuma. Boti ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuisemea leo, kwa kuwa ndiyo inywayo petroli ya mwanachama.

SHAURI LA MASHINE KUBWA

Kila boti inapolalamikiwa kuwa ni nzito au ni mlafi wa mafuta, shauri la kwanza utakalolisikia ni hili: tununue mashine kubwa zaidi. Shauri hili lapendeza, kwa sababu mashine mpya yaonekana kwa macho na ngurumo yake yasikika mbali. Lakini mashine kubwa ina bei kubwa, yanywa zaidi, na kwa kuwa ni nzito tena yakaa nyuma kabisa, mara nyingi huuongeza ule ule ubaya uliokusudiwa kuondolewa. Kabla Halmashauri yoyote haijatoa fedha za wanachama kwa jambo kama hilo, yafaa kwanza kuuliza: je, nguvu tuliyo nayo sasa inakwenda wapi?

Ili tupate jibu, sina budi kutumia maneno mawili ya mabaharia wa pwani. Upande wa mbele wa chombo huitwa omo, na upande wa nyuma huitwa tezi. Maneno haya mmeyasikia katika methali, kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Leo twakwenda tezi hasa, maana huko ndiko nguvu inakopotelea.

KWA NINI MAJI HUPINGA

Maji huipinga boti kwa njia mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni msuguano wa maji na mbao za chini. Boti yenye ukoga, rangi iliyobanduka au misumari iliyotokeza hupata msuguano mwingi, na dawa yake ni kuipandisha ufukoni, kuisugua na kuipaka rangi. Hilo kila fundi alijua.

Njia ya pili ni mawimbi ambayo boti yenyewe huyafanya. Wimbi linalofuata nyuma ya boti, hata likipendeza macho, limetengenezwa kwa petroli yako. Aliyelichunguza jambo hili kwa hesabu ni mhandisi wa Uingereza aliyeitwa William Froude. Katika mwaka 1867 alivuta majini mifano ya vyombo vya maumbo mawili, akaviita Swan na Raven, na mwaka 1872 akajenga birika refu la majaribio katika mji wa Torquay. Huko alithibitisha kwamba mawimbi ya chombo hufuata urefu wake, na kwamba kwa kuvuta mfano mdogo mtu aweza kujua tabia ya chombo kikubwa. Mpaka leo meli hazijengwi bila kanuni zake.

Kutokana na kanuni hizo twapata hesabu moja nyepesi ambayo kila karani wa chama cha msingi aweza kuifanya. Chukua urefu wa boti ulio majini, kwa mita. Tafuta ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta urefu huo. Kisha uizidishe kwa nne na nusu. Jibu ni mwendo, kwa kilometa katika saa moja, ambapo wimbi la boti huwa na urefu sawa na boti yenyewe. Mtumbwi wa mita 4 hufikia hapo kwa kilometa 9. Boti ya mita 9 hufikia hapo kwa kilometa 13 na nusu. Chombo cha mita 16 hufikia hapo kwa kilometa 18.

Katika mwendo huo kilele kimoja cha wimbi hukaa penye omo na kingine penye tezi. Ukiongeza moto, wimbi larefuka, kilele cha nyuma chaiacha boti, na tezi yaanguka katika bonde. Omo huinuka, mwenye usukani haoni mbele, na mashine hulia kama lori lenye shehena linalopanda mlima wa Kitonga. Tofauti ni kwamba lori hufika juu likapumzika, bali boti huenda na mlima wake mbele yake muda wote. Kwa boti nyembamba ya kienyeji si rahisi kuuvuka mlima huo na kuteleza, hata ukiifunga mashine mbili. Lakini boti yenye chini pana na bapa, ikipata nguvu ya kutosha, huuvuka, ikapanda juu ya maji na kuteleza kama jiwe bapa lililorushwa na mtoto.

Taabu ya boti zetu nyingi ni kwamba hukaa katikati. Zimeuacha mwendo wa kuelea, lakini hazijafika mwendo wa kuteleza. Zimepakia tani moja au zaidi, mashine iko tezi, pipa la mafuta liko tezi, nahodha ameketi tezi, na abiria naye hupenda kukaa karibu na nahodha. Omo yatazama mawingu, na petroli yaisha.

TIMAZI YA MWASHI

Boti iliyokwisha kuanza kuteleza inapoinua omo, uzito wake wote huegemea nyuma juu ya maji iliyoyainamia. Hesabu yake ni rahisi. Boti yenye uzito wa kilo 1,000, ikiinama digrii 8, huvutwa nyuma kwa nguvu sawa na kilo 140, mbali na msuguano. Boti hiyo hiyo ikiinama digrii 4, huvutwa kwa kilo 70 tu. Kwa hiyo kuipunguza miinamo kwa nusu ni kuipunguza nguvu hiyo kwa nusu pia.

Lakini tusidhani kwamba kulaza boti kabisa ndiyo bora. Ikilala mno, sehemu kubwa ya ubao wake hugusa maji, na ule msuguano wa kwanza warudi kwa nguvu. Daniel Savitsky, mtaalamu wa Marekani aliyefanya majaribio mengi ya boti za kuteleza, alitangaza kanuni za hesabu hizo mwaka 1964, nazo zatumiwa hata leo. Kwa boti nyingi za namna hii upinzani huwa mdogo zaidi pale boti inapoinama digrii 3 hadi 5.

Nani ataipima digrii akiwa ziwani? Mwashi ataipima. Chukua timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, uzi uwe wa mita moja kamili. Uutundike penye ubao uliosimama wima wakati boti imetulia ufukoni na sakafu yake iko sawasawa, ukatie alama pale uzi ulipolala. Boti ikiwa katika mwendo ulio sawa, bila kuongeza wala kupunguza moto, utazame uzi umehama kiasi gani. Ukihama sentimita 7, boti imeinama digrii 4. Ukihama sentimita 14, imeinama digrii 8, nawe ujue kwamba unavuta mzigo ambao hakuna mwanachama aliyekulipa nauli yake.

VIFAA VYA TEZI

Sasa twafika penye kifaa chenyewe. Viko vya namna tatu, na vyote vyafanya kazi kwa njia moja: vyayakandamiza kidogo maji yanayotoka chini ya boti, maji nayo yaisukuma tezi juu. Tezi ikiinuka, omo hushuka.

Cha kwanza ni kabari. Ni kipande cha mbao au cha fiberi kilichochongwa kwa mteremko na kuunganishwa chini ya boti penye mwisho wa tezi, ncha nyembamba ikielekea mbele. Ni rahisi, fundi wetu aweza kuitengeneza, lakini ikisha kubandikwa haibadiliki.

Cha pili ni vibao viwili vya bati gumu lisiloshika kutu, kimoja kila upande wa mashine, vilivyofungwa kwa bawaba penye ukuta wa tezi. Nahodha huvishusha au kuvipandisha kwa mkono au kwa mashine ndogo ya umeme. Wauzaji wa vibao hivi wana kanuni ya kukadiria: kwa kila mita moja ya urefu wa boti, kibao cha kila upande kiwe na upana wa sentimita 8 hivi. Basi boti ya mita 9 yahitaji vibao vya sentimita 70 hadi 75 kila upande, ikiwa tezi ina nafasi. Faida nyingine ni kwamba kila kibao huweza kushushwa peke yake. Boti ikilalia upande wa kulia kwa sababu ya upepo au mzigo, hushushwa kibao cha kulia, nayo husimama sawa.

Cha tatu ni bamba jembamba la wima, litokezalo chini ya ukingo wa tezi kwa kiasi cha milimita chache tu hadi sentimita chache. Mtu akilitazama hawezi kuamini kwamba kitu chembamba vile kina nguvu, maana laonekana kama kizuizi cha kuchelewesha boti. Lakini maji yakigonga bamba hilo hujikusanya mbele yake, mgandamizo wapanda chini ya tezi, na boti huinuliwa. Bamba la namna hii limeenea katika boti za abiria ziendazo kasi na katika boti za anasa.

Wala jambo hili si la boti ndogo peke yake. Jeshi la Wanamaji la Marekani limeweka ulimi wa chuma penye tezi za manowari za aina ya Arleigh Burke, ambazo zina urefu wa zaidi ya mita 150, kwa kusudi la kuokoa mafuta. Ikiwa wenye mali nyingi kiasi kile wahesabu asilimia chache za mafuta, sisi tunaochanga kwa hisa hatuna sababu ya kuona haya kuhesabu.

YA BURE YATANGULIE

Hata hivyo, ndugu wanachama, simshauri mtu yeyote anunue kibao kesho asubuhi. Yako mambo yasiyo na gharama, nayo yatangulie.

La kwanza ni kupanga mzigo. Magunia mawili ya kilo 50 yakisogezwa mbele mita 3 huisaidia boti kama vile kibao kinachoinua kilo 100 kikiwa mita 3 nyuma ya kitovu cha uzito. Pipa la mafuta lisogezwe katikati. Mzigo ufungwe usihame.

La pili ni pini ya mashine. Mashine nyingi za kufungwa tezi zina matundu na pini penye bano lake, inayopanga mguu wa mashine uiname kiasi gani. Mguu ukisogezwa tundu moja kuielekea boti, omo hushuka. Ukisogezwa mbali na boti, omo hupanda. Nimeona boti nyingi ambazo pini hiyo haijaguswa tangu ilipotoka dukani, wala mwenye boti hajui kazi yake.

La tatu ni rafadha, ile panga inayozunguka majini. Ikiwa imepinda au kumeguka, hakuna kibao kitakachoisaidia.

Mambo hayo yakiisha kufanywa, na timazi bado yahama sentimita 12 au 14, ndipo fedha za kibao zitakapokuwa zimetumika vema. Kwa boti ambayo siku zote huenda polepole chini ya ule mwendo wa hesabu yetu ya kwanza, kibao hakina faida. Kitakuwa kikwazo tu. Mtumbwi wa kuchonga na boti ya kuvulia iendayo taratibu ziachwe zilivyo.

UPEPO WA MWERA

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, hasa manahodha na wenyeviti wa vyama vya ufukoni, kwa sababu hapa haisemwi petroli tu bali roho za watu.

Katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, upepo wa mwera huvuma ziwani kutoka kusini. Ziwa ni refu na jembamba, milima imelikinga pande mbili, kwa hiyo mawimbi hupata nafasi ya mamia ya kilometa ya kukua kabla ya kufika kwetu kaskazini. Boti iendayo Lupingu kutoka Matema hukutana na mawimbi uso kwa uso. Boti irudiyo Matema au Itungi husukumwa nayo kutoka nyuma.

Katika kwenda, kibao kikishushwa kidogo, omo huyakata mawimbi badala ya kuyapiga, abiria hawarushwi, na magunia hayalowi sana. Lakini katika kurudi hukumu yageuka. Wimbi la nyuma huinua tezi kwa nguvu zake lenyewe. Ikiwa kibao nacho kimeshushwa, omo itachimba katika mgongo wa wimbi lililo mbele, boti itashikwa kichwa, tezi itazunguka ubavuni, na wimbi linalofuata litaikuta boti imelala kwa ubavu. Hivyo ndivyo boti zinavyopinduka hata mikononi mwa nahodha mwenye akili. Kanuni ya kurudi na mwera ni moja: vibao vyote vipandishwe juu kabisa kabla ya kugeuza omo kaskazini.

Kwa sababu hiyo, kwa boti za ziwa hili sipendi kabari isiyobadilika. Kabari nzuri ya asubuhi tulivu ni adui wa jioni ya mwera, na huwezi kuing'oa ukiwa katikati ya ziwa. Ikiwa chama chaweza kugharimia vibao vya kupandishwa na kushushwa, na vinunuliwe hivyo. Ikiwa hakiwezi, bora kuishia penye pini na kupanga mzigo. Kwenye bwawa la Mtera, ambako safari ni fupi, fundi aweza kufikiria kabari ndogo, lakini hata huko kwa uangalifu, kwa kuwa upepo wa alasiri hauna mzaha.

Tena kibao hakimwongezei mtu ruhusa ya kupakia. Boti iliyoinuka vizuri kwa sababu ya kibao yaonekana nyepesi, na jicho laweza kudanganyika likasema, bado kuna nafasi. Nchi yetu imekwisha kulia vya kutosha. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa imechukua watu zaidi ya maradufu ya kiasi chake, na zaidi ya watu 220 wakapotea. Alama ya kupakia iliyowekwa na mkaguzi ibaki palepale, na kila aingiaye botini avae jaketi la kuokolea.

TUPIME WENYEWE

Mtanituhumu, na ni haki yenu, kwamba sijasema faida ni shilingi ngapi. Sikusema kwa sababu jibu la kweli latofautiana boti na boti, na mwuzaji atoaye ahadi moja kwa boti zote asiaminiwe. Lakini kupima si kazi ngumu.

Chagueni asubuhi isiyo na upepo. Wekeni alama mbili ufukoni, ambazo umbali wake unajulikana. Hata simu ya mkononi yaweza kuonyesha umbali na mwendo. Boti iwe na mzigo ule ule, nahodha yule yule na moto ule ule. Jazeni tangi ndogo hadi alama. Endeni na kurudi mara tatu, ili msaada wa upepo na mkondo wa kwenda ulipwe katika kurudi. Mkifika ufukoni, zimeni mashine, iacheni ipoe, kisha jazeni tena kwa chupa yenye vipimo, mwandike lita zilizoingia na dakika zilizotumika. Fanyeni hivyo bila kibao na pamoja na kibao, na karani aandike katika daftari mbele ya mashahidi wawili. Ushirika wetu umejengwa juu ya mizani ambayo kila mtu aiona ikipima. Na petroli ipimwe vivyo hivyo.

Tuseme boti fulani yanywa lita 40 kwa safari moja ya kwenda na kurudi, na majaribio yameonyesha kwamba yaokoa sehemu moja ya kumi. Hizo ni lita 4. Ikifanya safari 3 kwa wiki, kwa wiki 50, ni safari 150, na akiba ni lita 600 kwa mwaka. Kila mmoja wenu ajua bei ya lita moja katika kijiji chake, na ajua kwamba bei hiyo ufukoni haishuki kuwa sawa na ya mjini. Zidisheni wenyewe, kisha mlinganishe na bei ya vibao na malipo ya fundi. Ikiwa vibao vyarudisha gharama yake katika mwaka mmoja au miwili, vinunuliwe. Ikiwa havirudishi, tusione haya kuviacha.

MAOMBI YANGU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, nataka kumaliza kwa maombi matatu.

Ombi la kwanza: boti zote zinazochukua mizigo ya wanachama zipimwe kwa timazi kabla ya kiangazi kijacho, na manahodha wafundishwe kazi ya pini ya mashine na kupanga mzigo. Hili halihitaji bajeti. Lahitaji siku moja na uzi wa mita moja.

Ombi la pili: boti moja tu, iliyo na chini pana na iliyoonekana kuinua omo kupita kiasi, ifungwe vibao vya kupandishwa na kushushwa, ipimwe kwa msimu mzima wa shwari na wa mwera, na daftari lake lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu. Wanachama ndio watakaoamua kama nyingine zifuate.

Ombi la tatu: shauri lolote la kununua mashine kubwa zaidi lisipitishwe mpaka daftari hilo limesomwa.

Katika miaka kumi hii chama chetu kimejifunza kupima unyevu wa kakao kabla ya kuipokea, na kupima gunia mbele ya mwenye gunia. Mwanzoni wako walioona kuwa ni usumbufu, na leo hakuna atakaye kurudi nyuma. Mwanamke wa Ikombe anayepeleka vyungu sokoni, na mkulima wa Lumbila anayengoja mbegu kabla ya mvua, hawana habari na Froude wala Savitsky, na si lazima wawe nayo. Wao wataka boti ifike, mzigo uwe mkavu, na nauli isiwameze. Kazi ya kulitimiza hilo ni yetu sisi tuliowekwa kuwatumikia.

Nawatakia nyote sherehe njema, na safari ya salama kwa wale watakaorudi makwao kwa njia ya maji.